Pacha Anayegeuka

Jumatatu, 12 Mei

Marufuku imeanza leo. Mwezi mzima hakuna ngoma, hakuna spika, hata kanisa la pale kona wanapiga makofi kwa ncha za vidole. Ardhi inataka utulivu mahindi yaote, na mimi ninayekula kwa kelele za watu nimekaa kibarazani, spika zangu nane zimefunikwa turubai. Hakuna harusi, hakuna matanga yenye muziki, sina kazi. Ndiyo maana naandika. Mdomo wangu haujazoea kukaa bure.

Ipo na sababu nyingine. Dada yangu Akwele ana vidonda tumboni ambavyo havitaki kupona.

Mama yetu alizaa mapacha, Akwele na Akuorkor, halafu mimi. Mtoto anayefuata mapacha kwetu Wagaa huitwa Tawia, kwa hiyo hata jina langu ni lao. Wana miaka thelathini na miwili sasa na bado huwezi kuwatofautisha. Ataa Amartey, mzee wa mlango wa pili hapa uani, amekata tamaa zamani. Akimtaka yeyote kati yao anaita tu "Akwele!", wote wawili wanageuka, naye anaendelea na aliye karibu.

Mama amewalea kwa sheria moja. Anachopewa mmoja, apewe na mwenzake. Gauni, kofi, kichwa cha samaki, dawa ya minyoo. Mmoja akiumwa jino, wote wawili wanasukutua maji ya chumvi. Mimi nilikuwa nikipata kilichobaki.

Mwezi wa tatu Akwele aliivunja sheria. Alikwenda peke yake kwa mwanamke mmoja anayechoma watu sindano za kupunguza tumbo sebuleni kwake, mapazia yamefungwa. Hakumwambia hata pacha wake. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Tawia, nilitaka mara moja tu mtu anione kwa mbali ajue ni mimi."

Alichomwa mistari miwili, kushoto na kulia kwa kitovu. Baada ya wiki chache kila tundu la sindano likawa jipu. Yule mwanamke amehama.

Jumatano, 14 Mei

Mvua. Vidonda vinatoa maji. Mama anasema vinakauka.

Jumamosi, 17 Mei

Tulirudi hospitali kubwa, mimi na mapacha, kule walikomchukua Akwele usaha na kumwanzishia vidonge. Daktari Agbenyega ni wa kabila la Waewe, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo. Amoksilini na dawa zote walizompa zahanati ya mtaani amezitupa kwenye ndoo. Alituambia walipanda usaha wa Akwele kwenye sahani ya maabara na mdudu ameota haraka.

"Ni ndugu wa kifua kikuu," akasema.

Akuorkor akashika mdomo. Nikaona majirani wote wanatukimbia.

"Nimesema ndugu, sijasema ni chenyewe. Huyu haambukizi kwa kikohozi. Anaishi kwenye maji ya bomba na udongo, hana neno na mtu mpaka umwingize mwilini kwa sindano. Aliyekuchoma alizimua dawa yake kwa maji ya bomba, nadhani."

Akwele alikuwa anaangalia sakafu. "Anauawa na nini?"

"Hapo ndipo pana kazi. Dawa nyingi hazimfanyi kitu. Siku ya tatu nilisoma sahani, na vidonge hivi ulivyoanza wiki jana vilikuwa vinamuua. Lakini huyu naijua tabia yake. Sahani nimeiacha iendelee mpaka wiki mbili zitimie. Ni mdudu wa kujifanya amekufa."

Nilicheka kidogo, kwa woga. Nikamuuliza vidonge vikishindwa kuna nini. Alisema ipo sindano, lakini hataki kuianza bila kulazimika kwa sababu inakula masikio.

Njiani niliwaza hilo tu. Mtu wa spika kama mimi, dada yake aliwe masikio. Nilijiambia haitafika huko.

Jumatatu, 19 Mei

Jipu jipya, chini ya mstari, mahali ambapo hapakuchomwa sindano. Nimeliona kwa macho yangu. Tumbo lenyewe limekuwa la zambarau.

Ijumaa, 23 Mei

Leo nimeiona.

Niliingia jikoni kutafuta dokono, donge la mahindi linalopikwa ndani ya majani yake, la kula na pilipili. Mama alikuwa mezani na kisu kidogo anachokatia kamba za majani ya mahindi. Mbele yake kulikuwa na vidonge vya Akwele, vya aina mbili. Alikuwa anavikata katikati, taratibu, anapuliza unga. Mapacha wamekaa mbele yake, kila mmoja ana kikombe cha maji.

"Mama, unafanya nini?"

"Nawapa dawa."

"Unawapa nani?"

"Wewe mgeni hapa? Umewahi kuona nampa mmoja?"

Akuorkor alimeza nusu yake bila kuniangalia. Akwele akameza yake.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza," Mama akasema. "Na usinipandishie sauti. Alipokwenda kule peke yake ndipo mambo yalipoharibika. Wamekuja pamoja, wamenyonya pamoja, yeye akaenda kujitenga. Ninarudisha walipokuwa."

"Daktari amesema kidonge kizima!"

"Daktari amezaa mapacha?"

Nikamgeukia Akwele. "Na wewe unajua, unanyamaza?"

"Mama alisema mwenzangu atadhurika nikimeza peke yangu," akasema. "Nimeshamwacha nyuma mara moja, Tawia. Ona nilichopata."

Nilipiga kelele. Sikumbuki maneno yote, na ninayoyakumbuka siyaandiki. Nilimwambia Mama anamuua mwanawe kwa kisu cha jikoni. Sufuria ilianguka. Ataa Amartey akachungulia mlangoni, ameshika kofia yake.

"Tawia," akasema kwa upole, "marufuku."

Nilinyamaza. Siku nyingine ningecheka.

Jumatatu, 26 Mei

Daktari ametuwekea sahani mbele ya dirisha tuione. Mimi naona doa tu, kama povu la uji uliokauka. Alisema siku ya tatu safu ile ya kati, yenye dawa ya vidonge vyetu, ilikuwa tupu. Sasa imejaa.

"Amekutana na dawa, amekaa nayo, amejifunza kuizuia," akasema. "Vidonge hivi sasa hata ukivimeza kila siku havitoshi."

Nikamwambia kuhusu kisu cha Mama. Alivua miwani akafikicha macho, akamtazama Akuorkor, kisha Akwele, kisha tena Akuorkor, nikajua hata yeye amepotea hajui mgonjwa ni yupi.

"Acheni kukata dawa," akasema. Hakuongeza neno, watu walikuwa wamejaa mlangoni. Akaandika sindano. Zipo mbili: moja ya mshipa, ya pili ndiyo ile inayokula masikio. Kila asubuhi, kwa wiki nyingi. Akwele apimwe masikio kila mara, lakini mashine ya kupimia imeharibika na fundi wake anatarajiwa mwezi wa nane.

"Na nikikataa ya masikio?" Akwele akauliza.

"Nitabaki na kisu. Nitakata nyama mpaka nifike palipo pazima. Na mdudu akiwahi kuingia ndani ya tumbo kabla yangu, sitakuwa na cha kukata."

Akuorkor akakunja mkono wa gauni. "Basi nichome na mimi nusu."

Daktari hakucheka. "Hii haigawanywi, mama."

Jioni nilimwambia Mama maneno yale yale ya daktari, nikaongeza yangu. Nilimwambia, "Wewe ndiye uliyemfundisha mdudu." Aliingia chumbani akafunga mlango, na chakula chake kimepoa mezani.

Jumanne, 27 Mei

Mama hasemi na mimi. Mimi pia sisemi naye.

Jumatatu, 2 Juni

Sindano zimeanza leo. Mashine ya hospitali ya kupimia masikio imekufa lakini mimi ninayo yangu. Ninacho kifaa cha kujaribia spika, kinatoa sauti kutoka mtikisiko mzito wa chini mpaka mluzi mwembamba wa juu kabisa. Daktari ameniambia zinazokwenda kwanza ni zile za juu. Nimemvalisha Akwele visikio, nikamwambia anyanyue kidole kila anaposikia. Nimeweka kila sauti kwa udogo ule ule.

Amesikia zote, hata mluzi wa mwisho ambao mimi mwenyewe siusikii tena. Miaka kumi na miwili ya kukaa mbele ya spika.

"Kumbe kiziwi ni wewe," akaniambia. Tulicheka, na Akuorkor akacheka, na Mama akachungulia kuona tunachochekea kisha akarudi ndani.

Alhamisi, 5 Juni

Sindano ya nne. Amepimwa, zote sawa. Anatapika.

Alhamisi, 12 Juni

Marufuku imeondolewa. Ngoma zilipigwa saa sita mchana na mji mzima ulipumua. Simu yangu haikutulia, kila aliyemweka maiti wake akingoja muziki amenikumbuka leo. Nimempa kijana wangu spika sita aende nazo. Mimi nimebaki na dada zangu. Nilitazamia nitafurahi, lakini kila ngoma ilipogonga nilimwangalia Akwele nione kama ameisikia.

Ameisikia. Ngoma ni sauti nzito, haithibitishi kitu.

Alhamisi, 19 Juni

Habari njema ya kwanza: jipu la juu kushoto limefunga. Pana ngozi mpya, nyembamba, ya waridi. Akwele amekaa na kioo saa nzima.

Masikio: zote sawa. Ananyanyua kidole haraka kuliko zamani. Nimeona ananitazama sana mkono.

Jumanne, 24 Juni

Nimefanya jambo. Tulipofika kwenye sauti za juu, nilisogeza kidole kwenye kitufe sikukibonyeza.

Akwele akanyanyua kidole.

Nikarudia. Akanyanyua tena, na kutabasamu juu yake. Nilimtoa visikio kichwani.

"Dada, sijabonyeza kitu."

Tabasamu likabaki pale pale usoni, halina pa kwenda. Akuorkor alikuwa anakunja nguo kitandani, akaacha.

"Tangu lini?" nikauliza. Naona mwaka huu swali langu ni hilo tu.

"Wiki iliyopita ule wa mwisho ulipotea. Halafu na wa chini yake." Alinishika kifundo cha mkono. "Usimwambie daktari. Ataikata sindano."

"Akwele."

"Kimoja kimefunga, Tawia. Umekiona. Miezi mitatu nanuka, nalala chali, naota napasuka, sasa kimoja kimefunga. Akiikata, mdudu anarudi, na kwenye sahani hakuna kingine. Nataka niishi. Mluzi wa nini mimi?"

Nikamtazama Akuorkor aniunge mkono. Akaendelea kukunja nguo.

"Ulijua," nikamwambia.

"Mimi ndiye ninayemjibia simu ikilia," akasema.

Ijumaa, 27 Juni

Sijamwambia daktari. Leo nilimsindikiza sindano, daktari akaniuliza, "Masikio?" nikasema, "Hayajambo." Neno moja tu.

Nikimwambia, labda namuua. Nisipomwambia, namziba masikio kwa mikono yangu. Usiku nasikiliza pumzi zake kupitia ukuta, kisha nawaza, hata hizo pumzi zake yeye hazisikii.

Jumapili, 29 Juni

Kutoka kanisani lori la maji lilikuwa linarudi nyuma kwenye kichochoro, linalia piii, piii, piii. Kila mtu alikaa pembeni. Akwele aliendelea kutembea, anazungumza, amegeuza uso kwa pacha wake. Akuorkor alimvuta kwa nywele. Kwa nywele, wigi likamtoka, wakaanguka wote kwenye tope. Lori lilipita pale pale alipokuwa.

Watu wakawacheka, wakidhani wanapigana. Mimi nilikaa chini barabarani na nguo zangu za kanisani.

Jumanne, 1 Julai

Nimesema. Nilimwambia Akwele kabla hatujaondoka nyumbani, asinione msaliti. Njia nzima alinitangulia hatua kumi.

Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Hakunigombeza, na ningefurahi angenigombeza. Alimsogelea Akwele akakaa mbele yake kabisa, midomo yake aione.

"Zilizokwenda hazirudi," akasema. "Tukiendelea kila siku, zitakwenda na zilizobaki. Tukiacha kabisa, mdudu anarudi. Nataka kuipunguza, siku tatu kwa wiki, na wakati huo huo nikufungue nikate vilivyobaki, nimpunguzie dawa kazi. Utapoteza zaidi kidogo. Kiasi gani, sijui. Uamuzi ni wako, si wa huyu kaka yako wala wa mwenzako."

Nadhani ni mara ya kwanza maishani mtu kumwambia hivyo. Akuorkor alikuwa amefungua mdomo kumjibia, kama kawaida, akaufunga.

"Kata," Akwele akasema. "Na uchome."

Nilibaki nyuma kumuuliza daktari jambo lililonisumbua mwezi mzima. Kama Mama asingekata vidonge, je?

"Huyu mdudu amezaliwa na ujanja huo," akasema. "Akiguswa na ile dawa tu, unaamka. Vizima au nusu, angeutumia. Nusu zilimnyima mgonjwa wiki mbili za dawa ya pili aliyokuwa anaitumia pamoja nayo, na hilo si dogo. Lakini aliyemfundisha si mama yako."

Nilirudi nyumbani nikamkuta Mama anamenya magimbi. Nikachuchumaa pembeni yake, nikachukua kisu kingine. Nilimwambia yote.

"Kwa hiyo sikumfundisha," akasema.

"Alizaliwa anajua."

"Lakini dawa nilimpunja."

"Ndiyo, Mama."

Akachukua gimbi jingine. "Nilikuwa naogopa," akasema. "Pacha mmoja akizikwa, wa pili hakai. Nimeona kwa mama yangu mdogo. Nikaona bora wagawane ugonjwa kuliko wagawane kaburi."

Nilikuwa nimemwona mjinga wiki tano. Nilimshika bega, hakuutoa mkono wangu.

Jumamosi, 5 Julai

Amekatwa. Saa tatu nzima chumba cha upasuaji. Amerudi na shimo tumboni ninaloweza kuingiza ngumi, limejazwa bandeji.

Jumatatu, 7 Julai

Homa. Mama na Akuorkor wamekaa naye. Hakuna anayekula.

Jumanne, 8 Julai

Homa.

Alhamisi, 10 Julai

Homa imeshuka. Sitaki kuandika kitu kingine nisije nikaiita tena.

Jumatatu, 21 Julai

Shimo linajaa kutoka chini. Sasa halinuki. Nimempima masikio kwa mara ya mwisho, kwa sababu amesema hataki tena. Nusu ya juu yote haipo. Anasikia ngoma, anasikia magari makubwa, anasikia sauti yangu nikiwa mbele yake. Ya Akuorkor, ambayo ni yake mwenyewe, haisikii vizuri.

Jumatano, 30 Julai

Mvua imepungua. Mahindi yamekomaa.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku ya mapacha. Mtaa wote umevaa nyeupe, beseni za majani na maji zinapita vichwani, watu wanakimbia nyuma yake wakirushiwa. Kila mwaka Mama huwapaka mapacha maji ya beseni kuanzia kichwani mpaka tumboni. Leo alimpaka Akuorkor mwili mzima. Kwa Akwele aliishia kwenye paji la uso, akamfunga khanga juu ya bandeji mara mbili.

Shangazi mmoja akasema, "Hujawapaka sawa."

"Hawako sawa," Mama akasema.

Jumamosi, 9 Agosti

Leo tumeicheka njaa, kama ilivyo desturi ya sikukuu yetu ya mavuno. Mama ameamka alfajiri kupika kpokpoi, unga wa mahindi wa sikukuu, na mchuzi wa mawese, Ataa Amartey ameinyunyiza mlangoni kwa ajili ya waliotangulia, na spika zangu zote nane ziko barabarani. Nimezifungua mpaka mabati ya jirani yanatetemeka. Akwele amekaa juu ya spika ya sauti nzito, viganja vimeilalia, anatikisa kichwa sawasawa na mdundo. Kidonda kimebaki upana wa kidole gumba. Daktari anataka vidonge vya aina nyingine mpaka mwaka ujao, na kila sahani nitakayosomewa nitaisubiri mpaka wiki mbili ziishe. Namwogopa bado yule mdudu. Namsikia kila bomba linapodondosha maji.

Mchana nilizima muziki watu wale. Akwele na Akuorkor walikuwa wamesimama karibu na pipa, wametupa mgongo, wamevaa kitambaa kile kile, vilemba vile vile, maana Mama hawezi kubadilika siku moja. Ataa Amartey alitaka aongezewe mchuzi.

"Akwele!" akaita.

Akageuka mmoja. Mwenzake aliendelea kuosha vikombe.

Ataa Amartey alisimama na bakuli lake, uso umemshuka, kwa sababu kwa mara ya kwanza maishani mwake alijua nani ni nani. Akuorkor akamgusa dada yake begani. Akwele akageuka, akatuona tumekodoa macho, akasoma nyuso zetu mmoja mmoja mpaka akaelewa.

"Si ndicho nilichokuwa nataka?" akasema, kwa sauti kubwa mno, ile sauti ya mtu asiyejisikia. Akamnyang'anya mzee bakuli. "Sasa ni rahisi, Ataa. Uniite mimi. Anayegeuka ni Akuorkor."